Mekaniksi na relativiti mwaka wa kwanza zinanitoa jasho, nisomeje jamani?

Mtoto_wa_Bukoba

Wakuu heshima kwenu. Mimi niko mwaka wa kwanza, nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, chuo sitaji. Advansi nilipiga PCM (fizikia, kemia na hesabu) na fizikia nikapata B kwa hiyo sio kwamba nimekuja mtupu, ila hii kozi ya mekaniksi na relativiti imenikaa kooni. Kule advansi unaangalia swali linahusu nini, unachomoa fomula, unatumbukiza namba, imeisha hiyo. Huku lekchara anaingia anaandika m dv/dt = mg − kv ubaoni, anasema "hii mnaijua", anaintigreti, anafuta, na madesa aliyotupa ni yale yale ya ubaoni. Mara akselaresheni ni dv/dt, ukigeuka imeshakuwa v dv/dx na hakuna aliyesema imebadilika saa ngapi.

Juzi kwenye testi kulikuwa na swali la daladala inaondoka kituoni kwa akselaresheni a, kuna funguo zinaning'inia kwenye kioo cha dereva kwa uzi, tafuta pembe ya uzi. Wengine wamechora kani mbili, wengine tatu, na wote wamepata jibu moja! Sasa fizikia ni ipi hapo?

Relativiti ndo usiseme kabisa. Saa inayotembea inachelewa, sawa, nimekubali. Ila mimi nikikuona unatembea na wewe unaniona natembea, kila mtu anasema saa ya mwenzie ndo inachelewa, inakuwaje wote tuko sahihi? Nikiuliza kwenye grupu naambiwa we kariri gama (ile namba inayosema saa inachelewa mara ngapi) upite. UE (mtihani wa mwisho wa chuo) hiyo inakuja, sitaki sapu ya kurudia mtihani, na boom lenyewe, hela ya mkopo, limeshakata. Naomba mnipe mpangilio wa kusoma, na kama kuna wa kunielewesha hilo la saa nitashukuru sana. Naomba kuwasilisha.

Kipanga_Mzee

Dogo unajipa presha bure. Tafuta pasti pepa za miaka ya nyuma, solvu zote, maswali yanajirudia yanabadilishwa namba tu. Relativiti ina maksi chache, kariri gama na fomula ya kujumlisha velositi, songa mbele. Ukianza kuuliza "kwa nini" kila kitu utadisko, yaani utafukuzwa chuo, ukiwa na majibu mazuri.

Mwl_Chumbageni

Kipanga ushauri wako utampitisha mtihani, sikatai. Ila kijana anasomea ualimu, kesho kutwa atasimama mbele ya form three na kuna mtoto mmoja mkorofi atamuuliza swali hilo hilo la funguo, sasa atamwambia akariri?

Kijana, nianze na v dv/dx maana hiyo ni nyepesi. Velositi inabadilika kadri muda unavyokwenda, lakini pia unaweza kuangalia inabadilikaje kadri unavyosogea. dv/dt ni sawa na dv/dx mara dx/dt, na dx/dt si ndiyo v yenyewe? Basi, ni cheni ruli ya advansi hiyo hakuna uchawi. Ipi utumie inategemea kani yako inategemea nini na umeulizwa nini. Kani ikiwa inabadilika kwa muda au kwa velositi na wanataka muda, baki na dv/dt. Ikiwa inabadilika kwa mahali, kama springi ya −kx, na wanataka kasi, nenda v dv/dx. Chukua springi ufanye mwenyewe kwa mkono, utaona ½mv² + ½kx² inatoka haibadiliki, yaani sheria ya nishati imezaliwa mbele yako kutoka F = ma bila mtu kukuletea.

Ile mg − kv, ya kitu kinachoanguka huku hewa inakipinga kwa kv, usiikimbilie kuiintigreti. Iangalie kwanza. Mwanzo v ni sifuri kwa hiyo kitu kinaanguka kwa g kamili. Kinavyozidi kwenda mbio, kv inaila mg kidogo kidogo, mwisho zinalingana, akselaresheni inakufa, na kasi inabaki mg/k mpaka kinafika chini. Sasa unajua mwanzo na unajua mwisho, na ukipata v = (mg/k)(1 − e^(−kt/m)) unaweka t sifuri, halafu unaweka t kubwa sana, ukiona haikupi vile ulivyotabiri ujue umekosea alama mahali. Hiyo ni silaha ya kwenye chumba cha mtihani pia Kipanga, sio falsafa.

Sasa funguo. Aliyechora mbili amesimama kituoni. Anaona funguo zinaakselereti pamoja na gari, na vinavyozigusa ni uzi na uvutano wa dunia tu. Kwa wima T cos θ = mg, kwa mlalo T sin θ = ma, gawanya, tan θ = a/g. Aliyechora tatu amekaa ndani siti ya mbele. Yeye anaona funguo zimetulia tu zimeinama kuelekea nyuma, na kitu kilichotulia kani zake lazima zijumlishwe zije sifuri, kwa hiyo inabidi aongeze kani ya ma kuelekea nyuma ili hesabu ikae sawa. Mwulize hiyo kani ya tatu nani anaisukuma, hana wa kumtaja. Inatokea kwa sababu yeye mwenyewe, yule anayepima, anaakselereti. Jibu moja, wapimaji wawili. Uzi ukiinama nyuzi 10 basi gari inaondoka na kama mita 1.7 kwa sekunde kwa sekunde, unaweza kumpima dereva ukiwa umekaa na protrakta yako.

Anayefeli ni yule wa tatu, anayeweka kani ya kubuni upande mmoja NA ma upande wa pili. Huyo yuko ndani ya gari na kituoni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla hujachora mshale hata mmoja andika juu ya karatasi: mpimaji yuko wapi, na ninachokipima ni kitu gani peke yake. Ukiizoea hii kwenye mekaniksi, relativiti itakuja laini sana, maana ugomvi wote kule ni huo huo.

Dada_Momenta

Mwalimu shikamoo. Naunga mkono, na kuhusu mpangilio mimi nilimaliza hii kozi na nilikuwa naogopa kama wewe. Usianze na Newton. Anza na vekta, kuzigawa kwenye aksisi za x na y, doti na krosi, halafu diferensheni na intigresheni mpaka mkono uende wenyewe, maana wengi wanadhani wamefeli fizikia kumbe wamefeli hesabu za katikati. Ndo uingie sheria za Newton, kazi na nishati, momenta, halafu mzunguko. Mzunguko watu wanaukimbia ila wewe tengeneza jedwali, kila kitu cha mstari ulionyooka kina pacha wake, kani na toki (nguvu ya kuzungusha), masi na I (ugumu wa kitu kuzungushwa), momenta na momenta ya mzunguko. Chukua goroli na pete uziviringishe kwenye ubao ulioinama, goroli itashinda kila siku hata pete iwe nzito kiasi gani, na ukiweza kueleza kwa nini kasi ya goroli chini inatoka v² = 10gh/7 na ya pete v² = gh basi umeiva.

Kingine ambacho kinakula maksi za watu ni sentripeto, kani ya kuelekea katikati ya mzunguko. Bodaboda anazunguka kipilefti, watu wanachora uzito, riakisheni, msuguano, halafu wanaongeza ya nne wanaiita kani ya sentripeto. HAIPO ya nne. Sentripeto ni cheo, na hapo msuguano ndo amekikalia. Piga namba: kipilefti chenye radiasi ya mita 20, boda anapita na 36 km/h yaani mita 10 kwa sekunde, v²/r inakuja 5, gawanya kwa g unapata 0.51. Hiyo ndo μ (kipimo cha msuguano wa tairi na barabara) ya chini kabisa anayohitaji, na ndo tan ya pembe anayolala nayo, kama nyuzi 27. Sasa lori la mchanga likimwaga pale kona μ inashuka chini ya hapo, na unajua kinachofuata. Masi ya abiria haimo kwenye jibu, kwa hiyo mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) sio sababu ya kuteleza hapo kihesabu (najua mtanishambulia, breki ni habari nyingine).

Na usisome peke yako tu. Solvu, funga daftari, halafu mweleze mwenzio bila kuangalia. Mahali utakapoanza kusema "yaani tu inakuwa hivyo", hapo ndo hujaelewa.

Kipanga_Mzee

Dada hapo kwa mishikaki trafiki wamekusikia.

Jirani_Eldoret

Niaje majirani, nimepita tu nikaona hii stori nikacheka, kumbe shida ni moja. Sisi huku hatukuwa na form five na six, tulitoka form four tukaingia kampasi direkti, na kalkulasi tulikuwa tumeiguza kidogo tu mwisho mwisho wa form four, so wewe uko na hedistati shukuru Mungu.

Hiyo maneno ya mpimaji yuko wapi mimi ilinishika na mfano wa Malindi. Kuna plafomu ya Waitaliano baharini pale karibu na Malindi, San Marco, walikuwa wanarusha satelaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, walirusha moja ikaitwa Uhuru, na hiyo ndio ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi ya kuangalia eksirei kutoka angani, ikasaidia sana kuonyesha kuna kitu si cha kawaida pale Cygnus X-1 ambacho leo watu wanasema ni shimo jeusi. Sasa mbona watoke Italia wakuje hadi Malindi? Juu pale ni karibu na ikweta. Roketi ikiwa imesimama pale, wewe ukiwa kando yake unasema velositi ni sifuri. Mwenye anapima kutoka katikati ya dunia, asiyezunguka nayo, anasema tayari inaenda mashariki karibu mita 464 kwa sekunde kabla hata moto haujawashwa. Ukirusha kuelekea mashariki hiyo yote ni ya bure. Fanya hesabu ya 2πR cos ya latitudo gawa na siku moja, itatoka.

Kipanga_Mzee

Sasa Uhuru inatoka kwenye UE?

Jirani_Eldoret

Jina haitoki. Velositi za kujumlishwa zinatoka kila mwaka.

Mpiga_Darubini

Naona hilo la saa watu wanalizunguka, acha nilishike mimi.

Historia fupi tu. 1887 Michelson na Morley pale Cleveland Marekani walijaribu kupima mwendo wa dunia kwa kutumia mwanga, wakitegemea mwanga uende kasi tofauti kuelekea pande tofauti, wakakosa tofauti waliyoitegemea. 1905 Einstein akasema basi tuikubali, kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila mpimaji asiyeakselereti, tuone nini kinavunjika. Kinachovunjika ni neno "sasa hivi". Mimi na wewe tukiwa tunapishana, matukio mawili yaliyo mbali ambayo kwangu yametokea kwa pamoja, kwako hayakutokea kwa pamoja. Vitabu vingi vinaanza na saa kuchelewa halafu hili wanalipitia juu juu, mimi naona wamegeuza, hili ndo la kuanza nalo.

Sasa chukua namba. Vituo viwili A na B, umbali kilomita 180, kila kimoja kina saa na wafanyakazi wamezisawazisha. Treni ya kufikirika inapita kwa 0.6c, yaani asilimia 60 ya kasi ya mwanga c. Gama, yaani 1/√(1 − v²/c²), hapo ni 1.25 kamili. Treni inapita A, saa ya treni inasoma sifuri na saa ya A sifuri. Kwa watu wa vituoni safari inachukua kilomita 180 gawa kwa 0.6c, sawa na maikrosekunde 1000. Treni ikifika B, saa ya B inasoma 1000, saa ya treni inasoma 1000/1.25 = 800. Wanasema saa ya treni imechelewa. Hiyo 800 dhidi ya 1000 hakuna anayeibishia, hata abiria akichungulia dirishani anaiona, maana saa zote mbili ziko sehemu moja.

Haya mpande abiria. Kwake yeye vituo ndo vinatembea, na umbali umefupika kuwa 144 km, kwa hiyo ni haki yake saa yake isome 800. Na kwake saa za vituo ndo zinazochelewa, katika hizo 800 zake saa ya B imetembea 800/1.25 = 640 tu. Sasa utasema umemkamata, kama imetembea 640 mbona inasoma 1000? Kwa sababu kwa abiria, wakati yeye anapita A, saa ya B haikuwa sifuri. Ilikuwa tayari inasoma 360. Hiyo inatoka kwenye Lv/c², kilomita 180 mara 0.6 gawa kwa c. 360 + 640 = 1000. Imefunga.

Kwa hiyo wote wako sahihi kwa sababu hawalinganishi saa mbili, wanalinganisha saa moja na saa MBILI za upande wa pili, na kila upande unasema zile mbili za mwenzie hazikusawazishwa. Ukiandika mpimaji ni nani na saa ziko wapi, ugomvi unakwisha. Ile ya mapacha, mmoja anasafiri angani mwenzie anabaki nyumbani, ni tofauti kidogo kwa sababu msafiri anageuka anarudi, hayuko kwenye fremu (upande wa mpimaji) moja safari nzima, kwa hiyo hapo kuna mmoja anayezeeka kidogo kweli kweli.

Mwl_Chumbageni

Safi sana Darubini. Kijana nakupa zoezi usiku huu. Muoni ni chembe zinazozaliwa juu angani miale ya anga inapogonga hewa, wastani wa uhai wake zikiwa zimetulia ni maikrosekunde 2.2. Chukua zinazopita usawa wa kilele cha Kilimanjaro kwa 0.995c zikishuka wima, na mwenzio yuko mita 5,000 chini yake, huko Moshi. Chukulia hazipotezi kasi njiani. Ngapi zitafika, kwa Newton na kwa Einstein? Tumia e^(−t/τ), τ ni huo wastani wa uhai.

Mtoto_wa_Bukoba

Shikamoo mwalimu, na wengine wote asanteni sana aisee. Ile 360 nimeirudia mara kwa mara kwenye karatasi mpaka imekaa, sijawahi kuona mtu akiiweka hivyo. Nimefanya zoezi. Muda wa kushuka kwa mtu wa Moshi ni 5000 gawa kwa 0.995c, maikrosekunde 16.75. Kwa Newton hiyo ni kama uhai 7.6, kwa hiyo e^(−7.6), inafika kama moja katika 2,000. Kwa Einstein gama ni 10, saa ya muoni imetembea 1.67 tu, e^(−0.76), karibu asilimia 47. Yaani tofauti sio ya desimali, ni ya mamia! Na nikikaa kwa muoni mwenyewe, yeye saa yake iko sawa tu ila mlima ndo umekuwa na urefu wa mita 500, nimepata asilimia ile ile. Kuna mtu amepima kweli au ni ya kwenye vitabu?

Na nyingine, nikipanda SGR Dar mpaka Dodoma nazeeka kidogo kuliko walioko nyumbani?

Mpiga_Darubini

Wamepima. 1963 Frisch na Smith walibeba vifaa mlima Washington huko New Hampshire, Marekani, urefu wake kama mita 1,900. Juu walihesabu muoni zaidi ya 550 kwa saa, kama saa za muoni zisingechelewa, chini walitegemea kama 27 tu, wakakuta zaidi ya 400.

SGR inaenda 160 km/h, gama inazidi moja kwa kama 10^(−14), safari ya masaa matatu unaokoa sehemu ya kumi ya nanosekunde hivi. Ila Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo uvutano unaingia, saa iliyo juu inakimbia kuliko iliyo chini. Ni gh/c², piga utaona ni kama mara kumi ya ile ya mwendo na inaelekea upande mwingine. Ukilala Dodoma siku moja umezeeka nanosekunde kumi zaidi ya ndugu zako wa Kariakoo. Hiyo ni relativiti ya jumla, haimo kwenye kozi yako, usiiandike kwenye UE.

Kipanga_Mzee

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sasa niongeze la kwangu la kihuni: mtunzi wa mtihani akitaka kalkuleta isihangaike anaweka 0.6c au 0.8c, gama zake ni 5/4 na 5/3. Ukiona namba nyingine yoyote ujue kaamua kukukomoa, na hapo ndo uanze kuandika mpimaji yuko wapi.